Madam Piga na Wimbo wa Sura ya Mwisho

Shangazi yangu hajawahi kumpiga mtu. Nasema hivi mapema kwa sababu shule nzima ilimwita Madam Piga, na jina lile likisimama peke yake linatisha, utadhani bondia aliyestaafu akahamia fasihi. Ukimwona sasa ndio utacheka. Mfupi, mwembamba, sweta ya kijani mwaka mzima, miwani imefungwa uzi shingoni. Nyigu akiingia darasani anafunguliwa dirisha na kuombwa kwa heshima atoke.

Jina lilitokana na somo lake la kwanza kwa kila darasa jipya. Anaingia, haandiki hata tarehe ubaoni, anauliza: "Picha mnaifanya nini?"

"Tunapiga!"

"Gitaa?"

"Tunapiga!"

"Simu? Pasi? Mswaki? Kelele? Chafya?"

"Tunapiga!" Hapo darasa la jirani wameshaanza kugonga ukuta.

"Na kitabu?"

Kila mwaka kuna kichwa kimoja lazima kiropoke "Tunapiga!" halafu kijishtukie chenyewe. Darasani kwetu kichwa hicho kilikuwa cha Breki. Tulimwita Breki kwa sababu hana.

"Kitabu tunasoma tu," shangazi anasema. "Tunakisoma kama mtu anavyosoma mita ya maji. Anaangalia, anaandika, anaondoka. Sasa kwangu mimi kitabu mtakipiga picha na mtakipiga muziki. Asiyetaka ahamie hesabu, huko hawapigi kitu."

Hakulitoa hewani jambo hilo. Babu, yaani baba yake, alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti kirefu kisicho na mgongo. Watu waliingia na sura zao wakatoka na sura walizozitaka. Baba yangu, ambaye ni kaka yake shangazi, alipiga gitaa kwenye bendi ya ukumbini. Shangazi alikaa katikati yao na kitabu. Baba alikuwa akimchokoza tangu wadogo mpaka wameota mvi: "Mzee anapiga picha, mimi napiga gitaa, wewe mdogo wangu unapiga nini?"

"Napiga soga na watu ambao hawapo," shangazi anajibu, macho kwenye ukurasa.

Baba alipofariki nikahamia kwa shangazi, mimi na begi langu na gitaa ambalo silijui hata kulishika. Tukakaa wawili. Nyumbani namwita shangazi, shuleni namwita madam, na nikichanganya ananitazama juu ya miwani kama vile nimemwita kwa jina la utani la utotoni. Juu ya hayo akanifanya kiranja wa darasa. Niliuliza kwa nini. Akasema kwa sababu nakaa mbele. Nilikaa mbele kwa sababu yeye ndiye aliyenikalisha mbele. Sababu ya kweli nitaisema sasa hivi.

Kitabu chetu cha mwaka ule kilikuwa riwaya ya fundi redio aliyeondoka kwao kijana, akarudi na mvi, akakuta nyumba ya wazazi wake imepangishwa. Kitabu kizima jamaa anazunguka nje ya nyumba ile. Anaomba aingie chumbani kwake mara moja tu, wapangaji wanamkatalia, kila mpangaji na kisingizio chake. Sisi mwanzoni tulikidharau. Kurasa zote zile mtu anabisha hodi tu? Breki alisema hiki si kitabu, ni mtu wa kupeleka vifurushi aliyekosa anwani.

Lakini Madam Piga alikuwa na namna yake. Kila sura, kundi moja linaleta picha na wimbo. Na usije ukaleta picha ya kitu kilichoandikwa. Mwandishi akisema mlango, hataki mlango. "Mlango nimeshaupata, asante. Nileteeni alichokiruka. Nyuma ya mlango kuna nini?" Basi utakuta watu wanapiga picha ndala moja, au beseni lililogeuzwa, au ukuta wenye alama ya mahali ambapo zamani palitundikwa saa. Na wimbo lazima useme unaanza kwenye sentensi gani na unakatika kwenye sentensi gani. Kukatika ndiko alikokupenda. "Kwa nini umekata hapo? Nani kazima? Fundi kazima au wewe umezima?"

Siku moja Breki akaleta wimbo wa mapenzi, ule wa kubembeleza kabisa, kwa sura ambayo mwenye nyumba anakagua paa. Darasa likaanguka. Shangazi akanyoosha mkono: "Mwacheni ajitetee."

"Madam, huyu mzee anaipenda nyumba kuliko mkewe. Hebu soma. Mke hata jina hana, lakini bati zimesifiwa ukurasa mzima."

Shangazi alikaa chini. Kwa kweli alikaa, akaifungua riwaya, akasoma ukurasa ule upya kama hajawahi kuuona. "Nimefundisha kitabu hiki miaka na miaka," akasema, "bati sijaziona." Breki akatembea siku ile kama amevishwa taji.

Sasa ile sababu.

Birika letu la nyumbani linapiga mluzi maji yakichemka. Ni mluzi wa fujo, jirani hupiga kelele tulizime. Jioni moja naingia jikoni nakuta birika linalia mpaka mfuniko unacheza, na shangazi amekaa pembeni yake, kiwiko karibu kabisa, anasahihisha insha. Ametulia kama yuko maktaba. Nikazima jiko. Ndipo akaona mkono wangu, akashtuka.

"Maji yamechemka?"

Nilikwenda nyuma yake nikaita, "Shangazi." Nikaita tena. Akaendelea kutia alama nyekundu kwenye insha ya mtu.

Tulikwenda hospitali. Alishakwenda mwenyewe kabla, kumbe, bila kuniambia. Tatizo lilikuwa la mishipa ya ndani ya sikio, na daktari alisema haliendi nyuma, linakwenda mbele tu. Kifaa cha sikioni alikijaribu. Alisema watu wanasikika kama vijiko vinavyoanguka sakafuni, na gitaa la kaka yake linasikika kama mtu anafungua droo. Akakirudisha kwenye kiboksi chake, akakiweka kabatini nyuma ya shuka.

"Shuleni wakijua wataniondoa," aliniambia. "Mwalimu wa muziki na kitabu ambaye hasikii, wataona ni kichekesho. Na ni kichekesho kweli, hata mimi ningecheka."

"Hawatakuondoa, shangazi."

"Wewe nisikilize mimi ninayesikia." Akacheka mwenyewe. Halafu akaacha. "Nataka nimalize na nyinyi kitabu hiki. Sura ya mwisho. Nikishaifundisha sura ya mwisho wanipeleke watakako, hata wakaniweke stoo na madawati. Sura ya mwisho tu."

Basi tukatengeneza mambo yetu. Mimi mbele na kalamu. Kalamu ikisimama, kuna mtu nyuma yako anazungumza au kuna wimbo unapigwa. Kalamu ikilala, kumetulia. Mengine alijifanyia mwenyewe. Spika yetu ndogo ya kuchaji aliiweka juu ya meza ya mbao akaegesha vidole hapo mezani, kama mtu anayepumzika, na mapigo yakampanda mkononi. Midomo yetu akaisoma mmoja mmoja. Kuna wenye midomo ya siri, kuna wanaomung'unya. Alisema Breki ndiye rahisi kuliko wote, mdomo wake una maandishi makubwa kama bango la barabarani.

Tatizo likaja na mkuu wa shule mpya. Si mtu mbaya. Lakini alikuwa na masharubu, jamani. Si masharubu ya kawaida, yalikuwa ufagio. Yalishuka mpaka mdomo wa chini, na maneno yakawa yanatokea humo ndani bila kuonekana yametokea wapi.

"Yule bwana anazungumza nyuma ya pazia," shangazi alilalamika nyumbani. "Leo amesema kitu nikamwambia asante. Sijui nimeshukuru nini."

"Alikwambia choo cha walimu kimeziba."

"Mungu wangu."

Tukafika sura ambayo fundi redio hatimaye anaruhusiwa kupekua stoo ya nyumba ile, anatafuta picha yake ya utotoni, anakosa. Anazikuta picha za kila mtu, hata ya ng'ombe, yake haipo. Shangazi akatuambia tulete kila mtu picha yake ya zamani kabisa. Kesho yake ndio tukajuana. Wengi hatukuwa nazo. Wengine zimeungua, wengine zimehama na wazazi waliohama, wengine hakuna aliyewahi kufikiria kuwapiga. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alileta picha ya watu wamejipanga ukutani, akaweka kidole pembeni kabisa ya karatasi: "Huyu mimi. Hiki kiwiko."

Hakuna aliyecheka, hata Breki.

Shangazi aliishika picha ile kwa muda. Halafu akavuta kiti chake mpaka dirishani, penye mwanga, akatoa simu. "Pangeni mstari. Leo nawapiga wote."

Akatupiga kama babu alivyokuwa akiwapiga watu studio. Anakurekebisha kola, anakugusa kidevu, anakwambia tazama mahali ambapo hujawahi kufika. Breki alifumba macho mara ya kwanza ikabidi arudie. Kipindi kikaisha, tukaondoka tumenyooka migongo, kila mtu anajiona wa maana.

Sasa Breki kafika kwao. Mama yake ni fundi cherehani, anafanyia kazi sebuleni, na cherehani linapokwenda husikii vizuri. Breki anaosha vyombo huku anapiga domo.

"Mama, leo Madam Piga katupiga darasa zima!"

Cherehani likasimama. "Kafanya nini?"

"Katupiga wote. Mimi kanipiga mara mbili, ya kwanza nilifumba macho."

Mwenzenu akaendelea kuosha sufuria. Mama yake akachukua simu.

Kundi la wazazi unalijua lilivyo. Asubuhi mtu anatuma waridi lenye umande, watu wanaweka mioyo kibao, mchana kimya. Jioni ile likaamka. "Wazazi wenzangu," mama yake Breki aliandika, "kuna mwalimu anaitwa MADAM PIGA. Leo kachapa darasa zima. Mwanangu kapigwa mara mbili eti kosa lake kufumba macho. Sasa mtoto anapigwa asifumbe macho, yeye ni samaki?" Hapo stika za kulia zikamiminika. Mmoja akasema mwacheni apige, wa kwangu nyumbani amenishinda. Mwingine akauliza anapiga na wikendi? Katikati ya moto wote ule baba mmoja akatuma picha ya sofa, anauza. Na mtu mmoja mwenye akili akaandika neno ambalo lilimaliza mjadala: "Jina tu linatosha."

Asubuhi tuliitwa ofisini. Mkuu nyuma ya meza. Mama yake Breki, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Breki, ambaye alidhani ameitwa kupewa zawadi. Mimi kama kiranja. Na shangazi, aliyekuwa ameambiwa na katibu kwamba mkuu anataka kumwona kuhusu kipindi cha jana, akaja na simu yake mkononi, uso umejaa nuru. Alidhani mkuu kasikia habari za picha akapendezwa.

Mkuu akaanza. Masharubu yakatikisika: "Mwalimu, ni kweli jana uliwapiga wanafunzi?"

Nilimwona shangazi akivuta kutoka kwenye ufagio ule alichoweza. Alipata "piga". Alipata "wanafunzi".

"Ndiyo, mkuu. Wote."

"Wote?"

"Hakubaki mtu. Nilianza na wa mbele."

Mkuu akamwonyesha Breki kwa kalamu. "Na huyu mara mbili?"

"Huyu alifumba macho. Nikamwambia tulia, fungua macho, nikampiga tena. Ya pili ikatoka nzuri sana."

"Ikatoka nzuri!" Mama yake Breki akashika ukingo wa meza. "Mkuu, unamsikia? Ikatoka nzuri!"

"Ulitumia nini, mwalimu?" Mkuu aliuliza akionyesha mikono mitupu.

"Simu yangu hii hii. Sina kitu kikubwa."

"Umempiga mwanangu na simu?" Mama akasimama. "Ya kichwa?"

Midomo ya mama yule ilikuwa wazi kabisa, shangazi akaisoma bila shida na akajibu alichoulizwa. "Ya kichwa na mabega, mama. Ya mwili mzima ingebidi nisogee nyuma."

Breki akaanguka. Si mfano, alitoka kwenye kiti akaenda sakafuni, anacheka mpaka anakosa hewa. "Mama! Picha! Katupiga picha, mama!"

Hapo ndipo kila mtu akashusha pumzi. Nikacheka hata mimi. Shangazi alitutazama mmoja mmoja, hajajua tunacheka nini, akatabasamu ili asiachwe nyuma. Mama yake Breki akaletewa simu akaona picha ya mwanawe. Hasira zilimtoka zote akakaa. Aliigusa skrini kwa kidole chenye alama za sindano. "Huyu wewe? Mbona umekuwa hivi, na mimi nipo?" Akamwomba shangazi amtumie. Ilikuwa imekwisha. Nakwambia ilikuwa imekwisha, tulikuwa tunanyanyuka.

Mkuu hakucheka.

"Mwalimu," akasema. Kisha akanyanyuka, akatupa mgongo, akawa anatazama nje dirishani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Mwalimu, unanisikia?"

Shangazi akautazama mgongo wake na lile tabasamu lake la kusubiri.

"Mwalimu, kama unanisikia nijibu."

Niligusa kiwiko chake. Kidogo sana. Lakini kioo cha dirisha kilikuwa kinaturudisha sote, na mkuu aliuona mkono wangu.

Akageuka, akaketi, akawaomba Breki na mama yake watupishe. Hakupandisha sauti. Hakuwa na haja. Aliuliza tangu lini, na kwa kuwa masharubu yalikuwa palepale, shangazi akanigeukia mimi. Nikarudia kwa midomo, bila sauti: tangu lini. Akajibu. Mkuu akasema tena, nikarudia tena. Akasema anamheshimu. Akasema wazazi wakijua, na baada ya jana watajua, hawezi kumwacha darasani. Akasema kuna kazi ya kupanga vitabu stoo, mpaka astaafu, hakuna atakayemsumbua. Maneno ya mkuu, lakini shangazi aliyasoma yote mdomoni kwangu. Nilipofika kwenye "stoo" mdomo ulikataa kidogo. Akanigusa shavu: "Endelea tu. Nimeshaelewa, lakini endelea."

Nikamaliza. Akakaa, mikono juu ya simu.

"Sura ya mwisho," akamwambia mkuu. "Nimebakiza hiyo moja. Niachie hiyo."

Mkuu alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye kuamua. Halafu akasema Ijumaa, na yeye atakuwepo.

Nje nilimkuta Breki ameegemea ukuta, mama yake ameshaondoka. Alikuwa anajipiga mdomo kwa vidole. Akasema, "Mdomo wangu huu."

"Hukujua."

"Sikujua nini? Kwamba hasikii?" Alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Wewe unadhani nikijibu swali nasimama namwelekea nafungua mdomo kama kiboko kwa nini? Darasa zima tunajua. Tangu muhula uliopita. Wewe na kalamu yako hiyo unajiona mpelelezi."

Sikumwambia shangazi. Alikuwa amejivunia sana ile siri.

Ijumaa alivaa gauni badala ya sweta. Njiani alinipa simu yake yenye rekodi niiunganishe na spika, na nilipoona jina la faili nikajua wimbo wa sura ya mwisho ameuchagua yeye. Ni baba. Alikuwa amekaa sebuleni kwetu na gitaa, shangazi akamrekodi bila yeye kujua, miezi michache kabla ugonjwa haujaanza kumlaza mchana. Mwanzoni kiti kinalia. Katikati anakohoa, anasema "samahani" kama kuna watu mbele yake, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Nimeisikiliza mara moja tu katika maisha yangu. Nilitaka kumwambia asiiweke. Lakini alikuwa anatembea mbele yangu, na ukimwita kwa nyuma ndio hivyo tena.

Darasani tulikuwa tumeshakaa, kimya, madawati yamenyooka. Mkuu akaingia. Nikasikia watu nyuma yangu wanavuta pumzi kwa pamoja. Masharubu hayapo. Amenyoa yote. Chini ya pua pamebaki peupe kama ukuta ulioondolewa saa, na kumbe mdomo alikuwa nao, mwembamba, wenye haya. Alionekana mdogo wake yeye mwenyewe. Siku nyingine yoyote Breki angesema kitu ambacho tungekikumbuka mpaka uzeeni. Alitazama tu meza yake.

"Karibu uanze, mwalimu," mkuu akasema.

"Asante, mkuu," shangazi akajibu papo hapo. Akamtazama mdomo, akatazama darasa, akageukia ubao akafuta ambapo hapakuwa na kitu.

Alitusomea sura yenyewe. Mpangaji wa mwisho anahama, fundi redio anapewa ufunguo. Anaingia chumba alichozaliwa. Hakuna kitu, hata msumari. Anakaa sakafuni, anasikia wimbo wa mama yake, wimbo ambao hakuna mtu anayeuimba. Kitabu kinaisha hapo. Kuhusu mwisho huo tuligombana tangu mwanzo wa mwaka. Breki alishikilia kwamba jamaa kachanganyikiwa, au jirani kafungulia redio na mwandishi kasahau kusema. Shangazi alikuwa akijibu kitu kimoja tu: tutazungumza tukifika.

Tulikuwa tumefika. Hakuzungumza. Akamwita Breki mbele.

"Leo meza shika wewe. Weka kiganja, tandaza vidole. Usikie ninavyosikia."

Akasogea dirishani, pale alipotupigia picha, akaniashiria niwashe. Akafumba macho.

Kiti kikalia. Gitaa likaanza. Sijui niseme nini kuhusu gitaa la baba yangu, si la mtu maarufu, ni la mtu aliyekuwa anarudi nyumbani amechoka na bado anataka kupiga kidogo. Shangazi alitikisa kichwa taratibu. Nilisimamisha kalamu yangu kama kawaida, ingawa hakuwa anaiona. Breki alikuwa amekunja uso, kiganja mezani, anasikiliza kwa mkono.

Halafu spika ikatoa ule mlio wake wa kuishiwa chaji, mfupi, ikazima.

Breki akanitazama. Mimi nikaitazama spika. Nilikuwa nimesahau kuichaji jana yake, au umeme ulikatika, sijui, hata haijalishi. Gitaa halikuwepo. Kulikuwa na feni ya dari na mtu anayesukuma toroli huko nje. Na shangazi pale dirishani, amefumba macho, kichwa kinakwenda vilevile, hakijapotea hata kidogo.

Mkuu alianza kunyanyuka. Nadhani alitaka kusaidia, wakubwa wanapenda kusaidia. Breki aliinua mkono wake huru, akaweka kidole mdomoni. Breki, ambaye hana. Mkuu akakaa.

Basi darasa letu, lile ambalo jirani walikuwa wanaligongea ukuta, likakaa kimya. Hakuna aliyesogeza kiti. Yule msichana wa kiwiko alifumba macho na yeye. Wengine wakafuata. Breki hakuondoa kiganja mezani.

Ikafika mahali shangazi akainua kidole kimoja hewani, akakishikilia. Midomo yake ikacheza: samahani. Akatabasamu. Akakishusha kidole, akaendelea.

Sikuwa nimelia msibani kwa baba. Nilikuwa na kazi ya kupanga viti.

Alipofika mwisho, kichwa kikatulia. Akakaa hivyo kidogo, kisha akafumbua macho na kitu cha kwanza alichokitazama, kama siku zote, ni kalamu yangu. Ilikuwa bado imesimama. Nikailaza.

"Umeisha?" akauliza.

Breki akasimama wima, akamwelekea, akafungua mdomo mpaka mwisho.

"Umeisha, madam."